Namba Mpeni Djokovic

Wacha nianze na kitu kitakachofanya nitukanwe na pande zote mbili. Kwa namba, Novak Djokovic ndiye mwanaume bora zaidi aliyewahi kushika raketi ya tenisi. Na bado, ukiniamsha saa nane usiku uniulize ni nani aliyenifanya nipende huu mchezo, jina lake halitatoka la kwanza. Hizo ni kauli mbili tofauti. Watu wanataka nichague moja. Sichagui.

Najua kuna wenye washaanza, "Tenisi tena? Si utuongeleshe mambo ya Gor na Ingwe." Tulieni. Hii inakuhusu hata kama raketi umeiona tu kwa dirisha la duka.

Mimi nilianza kutazama tenisi kwa sababu ya Anko, kakake mathe. Akiwa kijana aliokota mipira kwa klabu fulani hapa Nairobi, zile za geti kubwa na nyasi zinazonyolewa kuliko vichwa vyetu. Mchana anawaokotea wenyewe, jioni wakienda kuoga anaazimwa raketi kwa dakika ishirini. Hivyo ndivyo alivyojifunza. Hajawahi kushinda kombe lolote maishani. Lakini ukimpata jioni ameshika mwiko, atakuonyesha bekihendi ya Federer, ile ya mkono mmoja, mpaka ugali ushikane na sufuria.

Sasa rudi nami hadi tarehe 14 Julai 2019, siku ya Jumapili. Fainali ya Wimbledon, Federer na Djokovic. Shida ni kwamba jioni hiyo hiyo kulikuwa na nusu fainali ya AFCON kule Cairo, Senegal na Tunisia, na nyumbani TV ni moja. Saa moja ilipofika, mpira unaanza, na Wimbledon nayo seti ya tano ndiyo inaanza. Binamu zangu wakadai rimoti. Anko akaikalia. Sisemi kwa mfano. Aliiweka chini ya paja na akakunja mikono.

Federer alikuwa amebakisha chini ya mwezi mmoja kufikisha miaka 38. Akafika 8-7, yeye ndiye anaanzisha mpira, 40-15. Pointi mbili za ubingwa. Anko akasimama, rimoti ikaanguka sakafuni, na hakuna aliyeiokota, hata wale wa mpira. Pointi ya kwanza Federer akapiga nje. Ya pili akakimbilia wavuni na Djokovic akampitishia mpira pembeni kama mtu anayepita na boda kwa foleni ya Thika Road. Ikaisha 7-6, 1-6, 7-6, 4-6, 13-12 kwa Djokovic. Saa 4 na dakika 57, fainali ndefu kuliko zote za mchezaji mmoja mmoja katika historia ya Wimbledon. Anko akaenda kulala bila kula. Na kulikuwa na chapo.

Kesho yake nikachungulia takwimu nikitafuta wa kulaumu. Hapo ndipo nilichanganyikiwa. Federer alishinda pointi 218, Djokovic 204. Mipira ya kuanzisha ambayo mpinzani hakuigusa kabisa, Federer 25, Djokovic 10. Mapigo ya kumaliza pointi moja kwa moja, 94 kwa 54. Mtu amekushinda karibu kila mstari wa karatasi, halafu wewe ndiye unabeba kombe. Siri ilikuwa kwa zile taibreki, pointi za kuamua seti ikifika sare. Zilikuwa tatu, na Djokovic akazichukua zote tatu. Yaani hakushinda pointi nyingi, alishinda zenye uzito.

Mwaka 2024 Federer aliwahutubia wahitimu wa Dartmouth, Marekani, akasema jambo ambalo nimelirudia mara nyingi kuliko mistari ya Biblia niliyofundishwa Sunday school. Alisema katika mechi 1,526 alizocheza peke yake upande wake, alishinda karibu asilimia 80. Halafu akawauliza wakisie ni pointi ngapi alizoshinda. Asilimia 54 tu. Mtu wa makombe 20 ya Grand Slam alikuwa anapoteza karibu nusu ya kila kitu alichogusa.

Kwa hivyo nikisema namba mpeni Djokovic, nimezisoma. Grand Slam 24. Wiki 428 akiwa nambari moja duniani, Federer ana 310. Ana kwa ana amemshinda Federer 27 kwa 23, na Nadal 31 kwa 29. Mashindano tisa ya Masters, kila moja amelishinda angalau mara mbili, jambo ambalo hao wengine wawili hawakufanya hata mara moja. Msee akikuambia Federer ni bora "kwa sababu alikuwa anacheza kama maji," huyo anakuambia anachopenda. Kupenda ni haki yake, lakini asikuletee mapenzi yake akiyaita hesabu.

Sasa nigeuze shati upande wa pili, maana wale wa Djokovic mshaanza kushangilia.

Tafuta video ya fainali ya wanawake ya Wimbledon 1993. Mimi sikuwa nimezaliwa, na pengine wewe pia. Jana Novotna wa Jamhuri ya Czech anacheza na Steffi Graf wa Ujerumani. Seti ya mwisho Novotna anaongoza 4-1, yuko 40-30, anaanzisha yeye, pointi moja tu iwe 5-1. Akakosea kuanzisha mara mbili mfululizo. Baada ya hapo unaona mkono ukianza kuwa mgeni kwa mwenyewe. Graf akashinda gemu tano mfululizo, na ubingwa ukaenda.

Wakati wa kupewa zawadi, Duchess wa Kent akamwambia maneno fulani ya kumtia moyo, na Novotna akavunjika. Akaweka kichwa begani mwa yule mama wa kifalme akalia kama mtoto aliyepotea Gikomba akapatikana. Graf alimaliza maisha yake ya tenisi na Grand Slam 22. Novotna alikuja kupata moja tu, hiyo hiyo Wimbledon, mwaka 1998, baada ya kupoteza fainali nyingine mwaka 1997. Alifariki mwaka 2017 kwa saratani, akiwa na miaka 49. Kwa takwimu hao wawili hawakai meza moja. Lakini uliza mtu yeyote wa tenisi picha ya 1993 ni ipi. Bingwa hayumo kwenye hiyo picha.

Hii kitu nimeiona hata kwa kazi yangu ndogo. Video yangu iliyotazamwa kuliko zote ni ya sekunde kumi na moja, paka wa jirani akinirukia usoni nikiongea mambo ya maana. Nililala, kuamka nikakuta imepita laki mbili. Nilifurahi, sidanganyi. Nilimnunulia paka omena. Halafu kuna ile niliyotengeneza ya Novotna, siku tatu za kazi, ikatazamwa na watu mia sita na kitu. Jamaa mmoja akaniandikia pembeni kwamba alikuwa ameanguka mtihani wa uhasibu mara ya pili na nyumbani hakuna aliyejua. Alirudia pale begani mara kadhaa, halafu akaenda akamwambia mamake. Sijui hiyo nihesabu vipi. Simu yangu inamhesabu kama mtazamaji mmoja. Lakini pia tusidanganyane, aliyelipa bando za mwezi huo ni paka.

Kwa wanawake ndipo hii hesabu ya 24 inakuwa kituko zaidi. Mwenye rekodi ni Margaret Court wa Australia, makombe 24 ya Grand Slam ya mchezaji mmoja mmoja. Kumi na moja kati ya hayo ni ya kwao nyumbani, enzi ambapo wachezaji wengi wakubwa hawakuwa wanafunga safari hadi Australia. Serena Williams aliishia 23. Alishinda la 23 Januari 2017 akiwa na mimba changa, akajifungua, akarudi, akafika fainali nne zaidi akitafuta la 24. Akapoteza zote nne.

Sasa nenda kwa uwanja wowote wenye wasichana wanajifunza tenisi, hapa kwetu au kwingine, uwaulize wanataka kuwa nani. Hakuna atakayekuambia Court. Wengine hawajawahi hata kumsikia. Nilitazama mechi ya mwisho ya Serena, US Open Septemba 2022, raundi ya tatu tu, akipoteza kwa Ajla Tomljanovic. Gemu ya mwisho aliokoa pointi tano za kumaliza mechi. Tano! Mtu wa miaka karibu 41, amesema anaondoka, hana cha kuthibitisha, na bado hataki mlango ufungwe. Ya sita ikamshinda. Baadaye akalia akimshukuru dadake Venus, akisema bila Venus hakungekuwa na Serena. Hiyo mechi kwa kitabu imeandikwa "alipoteza."

Na kuna Billie Jean King, ambaye ana Grand Slam 12, nusu kamili ya Court. Mwaka 1973 mzee mmoja, Bobby Riggs, bingwa wa zamani wa miaka 55, alikuwa anatembea akitamba kwamba hata kwa umri wake anaweza kumpiga mwanamke yeyote. Akaanza na Court, akamshinda 6-2, 6-1. Miezi minne baadaye akakutana na King kule Houston, na King akampiga seti tatu bila jibu. Mwaka huo huo King alikuwa ameongoza kuundwa kwa chama cha wachezaji wa kike, WTA, na US Open ikaanza kulipa wanawake sawa na wanaume. Leo viwanja vyote vya US Open kule New York vina jina lake. Angekuwa anahesabiwa kwa makombe tu, angekuwa nusu ya mtu.

Basi mpaka hapa unaweza kudhani nimekuja kusema moyo unashinda namba, kila mtu apige makofi twende nyumbani. Zii. Kwa sababu mapenzi ya mashabiki pia yana upendeleo wake, na mimi mwenyewe nimekuwa sehemu ya huo upendeleo.

Hebu fikiria Federer. Anatoka Uswisi, nchi ambayo hakuna mtu ana kinyongo nayo. Hatoki jasho. Anaongea lugha kadhaa na anakaa vizuri kwa tangazo la saa. Kumpenda hakukugharimu kitu. Djokovic anatoka Serbia. Alifikisha miaka 12 mwaka 1999, Belgrade ikiwa inapigwa mabomu ya NATO, siku 78. Amesimulia jinsi walivyokuwa wanaenda kufanya mazoezi mahali palipopigwa jana yake, wakiamini ndege hazitarudi pale pale siku inayofuata. Huyo ndiye alikuja kuingia kwenye nyumba ambayo tayari tulikuwa tumegawana vyumba: wewe wa Federer, mimi wa Nadal, na hakuna kitanda cha ziada. Alishinda Grand Slam ya kwanza mwaka 2008 na sisi tukamchukulia kama mgeni aliyechelewa kuondoka.

Si malaika, hilo liko wazi. Mwaka 2020 aliondolewa US Open kwa kumpiga mwamuzi wa mstari na mpira, japo bila kukusudia. Januari 2022 Australia ilimrudisha kwao kwa sababu ya mambo ya chanjo. Kuna mashabiki aliwakosa kwa mikono yake mwenyewe. Lakini ile Wimbledon ya 2019 hakuwa amemkosea mtu pale, na uwanja mzima ulikuwa unamlilia Federer. Aliulizwa baadaye aliwezaje. Akasema alijifunza kwamba wakipiga kelele "Roger," yeye masikio yake yasikie "Novak."

Niliposoma hiyo mara ya kwanza nilicheka, nikamtumia Anko. Yeye hakucheka. Miaka miwili baadaye ndiyo nilielewa.

Septemba 2021, fainali ya US Open, kwetu hapa ilikuwa usiku, na kafyu bado ilikuwa ya saa nne, kwa hivyo Anko alikuwa amelala kwetu. Djokovic alikuwa ameshinda Australia, Ufaransa na Wimbledon mwaka huo. Mechi moja tu ilibaki achukue Grand Slam zote nne kwa mwaka mmoja, jambo ambalo mwanaume wa mwisho kulifanya ni Rod Laver mwaka 1969, na Laver mwenyewe alikuwa uwanjani ametulia kwa kiti akitazama. Daniil Medvedev akamshinda 6-4, 6-4, 6-4. Kwa namba, hiyo ni moja ya siku mbaya zaidi za Djokovic.

Lakini kabla haijaisha, wakiwa wamepumzika kubadilisha upande, New York yote ikaanza kumshangilia yeye. Watu wale wale waliomzomea miaka mingi. Akajifunika taulo usoni na mabega yakaanza kutikisika. Alipoitoa macho yalikuwa mekundu, na akaenda kucheza gemu ya mwisho akilia. Baada ya mechi aliwaambia kwamba ameshindwa, lakini moyo umejaa furaha kwa sababu hawakuwahi kumfanya ajisikie hivyo New York. Alikuwa ameshinda Grand Slam 20 wakati huo. Ishirini, na kitu alichokuwa anangoja hakikuwa kwenye hayo makombe yote.

Hapo mimi niliona aibu, na sikuiona kwa niaba ya New York. Niliiona kwa sababu nilijua kwa nini hata mimi nilimpenda usiku huo: alikuwa anapoteza. Miaka yote tulimnyima mpaka tukamwona amevunjika. Ni kama wale wa mtaani wanaokusalimia vizuri siku umefutwa kazi.

Sisi Wakenya hatufai hata kufundishwa haya. Eliud Kipchoge alikimbia marathoni kwa 1:59:40 kule Vienna mwaka 2019, na muda huo si rekodi rasmi, kwa sababu wasaidizi wa kasi waliingia na kutoka kwa zamu. Kelvin Kiptum alikimbia 2:00:35 Chicago mwaka 2023, rekodi halali ya dunia, na miezi minne baadaye akafa ajalini akiwa na miaka 24. Sijaona Mkenya akiwapanga hao wawili kwa karatasi ajue amlilie nani. Tulisimama kwa runinga za maduka kwa Kipchoge, na tukanyamaza kwa Kiptum.

Na kwa tenisi tuna letu. Julai 2022, Angella Okutoyi, aliyelelewa na nyanya yake hapa Nairobi, alishinda Wimbledon ya wasichana wawili wawili akiwa na Mholanzi Rose Marie Nijkamp. Mkenya wa kwanza kushinda taji la Grand Slam la vijana. Walipoteza seti ya kwanza 6-3, wakachukua ya pili 6-4, na ya kuamua wakaishinda 11-9. Mmoja wa wale Wakanada wawili waliowashinda alikuwa Victoria Mboko. Mwaka 2025 Mboko alishinda mashindano makubwa ya Kanada kule Montreal, akamfunga Naomi Osaka kwenye fainali. Kuna jamaa aliniletea hiyo kama hoja: ona sasa nani yuko mbele. Sawa, Mboko yuko mbele, sibishi, mpeni namba zake. Lakini Anko siku ile ya 11-9 alipigia simu watu ambao hajaongea nao tangu enzi za kuokota mipira. Mmoja alidhani kuna msiba.

Nimalizie na yeye. Agosti 2024, Jumapili, fainali ya Olimpiki jijini Paris. Djokovic ana miaka 37, goti lilifanyiwa upasuaji miezi miwili tu nyuma, na upande wa pili yuko Carlos Alcaraz wa miaka 21 aliyemchapa Wimbledon wiki tatu zilizopita. Kila kitu alikuwa amewahi kushinda isipokuwa dhahabu hii. Ikaisha 7-6, 7-6. Djokovic akapiga magoti kwenye ule udongo mwekundu, mikono inamtetemeka, analia huku amejifunika uso.

Nikamwangalia Anko, mtu aliyelala njaa chapo zikiwa mezani kwa sababu ya huyu huyu. Binamu mmoja akauliza kama sasa anaweza kubadilisha chaneli.

"Ngoja," Anko akamwambia. "Wacha alie kwanza."